Cynefin na Noddfa: Maneno Mawili ya Watu wa Wales

Fungueni ramani ya Ulaya, mkitazame kile kisiwa kikubwa cha Britania kilicho upande wa magharibi. Kusini na mashariki yake ndiyo nchi ya Waingereza. Kaskazini ni Uskoti. Na pale magharibi, penye milima iliyoielekea bahari ya Ireland, ndiyo nchi ya Wales. Si nchi kubwa. Eneo lake halifiki kilomita za mraba 21,000, na watu waliohesabiwa mwaka 2021 walikuwa yapata 3,100,000. Mvua hunyesha sana huko, majani ya milimani ni mabichi karibu mwaka mzima, na kondoo ni wengi kuliko watu.

Nchi hii ina majina mawili. Jina la "Wales" wenyeji hawakujipa wenyewe, bali walipewa na jirani zao, na maana yake ya asili ni "wageni". Wao wenyewe huiita nchi yao Cymru, nao hujiita Cymry, yaani watu wa nchi moja. Lifikirini jambo hili. Wazee wa watu hawa walikuwa wakikaa katika kisiwa kile tangu kabla ya mababu wa Waingereza kuvuka bahari na kuingia. Kisha wale waliokuja nyuma wakawaita waliotangulia "wageni". Basi mgeni ni nani? Swali hili tutakwenda nalo katika somo lote.

Kwanza tujifunze kutamka, maana si adabu kuzungumza habari za watu na kuyavunja maneno yao. Mtoto asemaye Kiswahili ana bahati hapa. Herufi dd za Kiwelisi hutamkwa kama dh ya dhahabu. Th ni kama ile ya thelathini. Herufi f ikiwa moja ni v, nazo ff mbili ndizo f yetu. Ch ni kama kh ya kheri, wanavyoitamka wazee wa pwani. Tena mkazo wa neno huwa katika silabi ya pili kutoka mwisho, sawasawa na Kiswahili. Kwa hiyo Cymru husomwa karibu na "Kámri", cynefin karibu na "kanévin", na noddfa karibu na "nódhva". Sauti iliyo ngumu ni ll: ulimi ukae kama wa kutamka l, kisha pumzi zipite kando ya ulimi bila sauti. Jaribuni. Msichekane.

Kuna ajabu nyingine. Katika lugha hiyo herufi ya kwanza ya neno hugeuka kwa kufuata neno lililotangulia. "Karibu Wales" ni Croeso i Gymru. "Katika Wales" ni yng Nghymru. "Na Wales" ni a Chymru. Wageni wengi wajifunzao Kiwelisi hulalamika kwamba neno haliwezi kutafutwa katika kamusi kwa kuwa limejificha. Lakini mtoto wetu asemaye mti mrefu, jiti refu na fimbo ndefu, na ajuaye kwamba ulimi mmoja ukiongezeka huwa ndimi, hana sababu ya kushangaa.

Sasa tulitazame neno la kwanza, cynefin. Ni neno la wachungaji. Katika milima ya Wales kondoo huachwa juu mlimani pasipo ua wala ukuta, na juu ya mlima mmoja hulisha makundi ya watu mbalimbali. Hata hivyo kila kundi hukaa katika sehemu yake. Hakuna azuiaye. Kondoo jike amezaliwa pale, naye humzaa mwanawe pale, akatembea naye majira ya joto. Mwana akajua maji yako wapi, na upepo mkali ukija mahali pa kujificha ni wapi. Sehemu hiyo ndiyo cynefin ya kundi lile. Ndiyo maana, mashamba ya namna hiyo yakiuzwa, mara nyingi kundi huuzwa pamoja na shamba. Kwa kuwa ukileta kondoo wapya watatawanyika, na kuwafundisha upya ni kazi ya miaka.

Neno hilo limehamishwa kutoka kwa kondoo likatumika kwa wanadamu. Mtaala mpya wa shule za Wales, ulioanza kufundishwa mwaka 2022, umelichukua na kuliweka katikati ya mafundisho: cynefin ya mtoto ni mahali ajuapo kuwa ni kwao, ambapo ameyazoea mandhari, sauti na watu, na ambapo watu nao wanamjua. Basi mwalimu huwatoa wanafunzi nje, wakazunguka mtaa au kijiji, kisha kila mmoja akachora ramani yake. Ramani hiyo haipimwi kwa futi wala kwa mita. Mtoto huonyesha yale anayoyajua yeye: duka auziwapo peremende, ukuta aliouangukia, mbwa mkali, nyumba ya nyanya yake.

Nimewahi kuwapa wanafunzi wangu wa darasa la sita kazi hiyohiyo, nikaona jambo ambalo sikulitazamia. Wale waliozaliwa hapa walichora haraka, nao wakaacha mambo mengi. Mtoto mmoja aliyehamia mwaka uliopita alichora polepole, lakini ramani yake ilikuwa na njia nyingi kuliko zote, hata kichochoro cha nyuma ya ghala ambacho wenyeji walikuwa wamekisahau. Mgeni hutazama.

Lakini mtu aweza kuwa kwao, katika nchi ya baba zake, na bado akaonywa kuwa si kwao. Hili liliwapata watoto wa Wales katika karne ya 19. Shule nyingi za wakati ule zilifundisha kwa Kiingereza tu, na watoto wengi hawakujua ila Kiwelisi. Katika baadhi ya shule hizo kulikuwa na kipande cha ubao chenye herufi W.N., yaani "Welsh Not". Mtoto aliyesikiwa akisema lugha ya mama yake alivikwa ubao ule shingoni. Aliweza kuuvua akimsikia mwenzake akisema Kiwelisi na kumshitaki. Ndipo ubao ulipohamia shingo ya pili, na ya tatu, mpaka jioni. Yule aliyekuwa nao saa ya kufunga shule ndiye aliyechapwa. Mbao za namna hiyo zimehifadhiwa, na mmoja umo katika jumba la makumbusho la St Fagans, karibu na mji wa Cardiff.

Yafaa tuseme kweli yote. Hapakuwa na sheria ya serikali iliyoamuru ubao ule. Ulikuwa desturi ya walimu, na wazazi wengine waliikubali, kwa kuwa waliona mtoto asiyejua Kiingereza hatapata kazi. Mwaka 1847 wakaguzi watatu kutoka Uingereza, wasiojua Kiwelisi, waliandika taarifa kubwa juu ya shule za Wales. Pamoja na kueleza upungufu wa shule, ambao ulikuwapo kweli, walisema vibaya juu ya lugha na tabia za watu. Watu wa Wales waliikasirikia taarifa hiyo hata wakaiita Hiana ya Vitabu vya Buluu, kwa rangi ya majalada yake.

Wasomaji wa Kenya na Uganda hawahitaji kuelezwa zaidi. Wazee wengi wa kwetu wanakumbuka kipande cha mti, au mfupa, au kibao kilichoandikwa maneno ya aibu, kilichopita shingo kwa shingo kwa ajili ya kosa lilelile. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza habari hizo katika kitabu chake cha mwaka 1986. Ubaya mkubwa wa ubao, mimi nadhani, haukuwa fimbo ya jioni, kwa sababu fimbo hupoa. Ubaya ulikuwa kwamba watoto walifundishwa kusikilizana kwa nia ya kukamatana.

Matokeo yake na ya mambo mengine mengi, kama viwanda, migodi na watu kuhamahama, yanaonekana katika hesabu. Mwaka 1911 waliosema Kiwelisi walikuwa karibu 977,000. Mwaka 2021 walikuwa karibu 538,000, yaani chini ya watu 18 katika kila 100. Serikali ya Wales iliweka shabaha ya kuwa na wasemaji 1,000,000 ifikapo mwaka 2050.

Habari ya kijiji cha Capel Celyn yaonyesha upande mwingine wa kupoteza kwenu. Kijiji hicho kilikuwa katika bonde la mto Tryweryn, karibu na mji mdogo wa Bala. Kilikuwa na shule, posta, kanisa na mashamba, na watu wake walisema Kiwelisi. Mji wa Liverpool, ulio Uingereza, ulitaka maji. Mwaka 1956 wanakijiji walisafiri mpaka Liverpool wakaandamana barabarani, watoto wao wakiwa pamoja nao, wakiomba bonde lao lisizamishwe. Hawakusikilizwa. Mwaka 1957 Bunge la London lilipitisha sheria, ijapokuwa wabunge wengi sana wa Wales waliikataa. Shule ilifungwa mwaka 1963, na mwaka 1965 bonde likajaa maji. Mwaka 2005 baraza la mji wa Liverpool liliomba radhi. Ziwa lingalipo, laitwa Llyn Celyn. Ukame ukizidi, mawe ya kuta hutokea.

Twende sasa kwa neno la pili. Noddfa ni mahali pa kukimbilia, mahali ambapo anayekufukuza hawezi kuingia. Shina lake ni nawdd, yaani ulinzi, na neno hilo ni la zamani sana katika sheria za Wales. Sheria hizo huitwa kwa jina la Hywel Dda, maana yake Hywel Mwema, mfalme aliyefariki yapata mwaka 950, ingawa vitabu vya zamani vilivyobaki viliandikwa katika karne ya 13. Ndani yake imeandikwa kwamba kila mtu wa nyumba ya mfalme alikuwa na nawdd yake mwenyewe ya kumpa mtu aliyemkimbilia. Wala haikuwa ya wakubwa peke yao. Mpishi aliweza kumlinda mkimbizi tangu alipoanza kupika chakula cha kwanza mpaka alipoweka cha mwisho mbele ya mfalme. Na mwanamke mfuaji wa nguo, aliye mdogo kuliko karibu wote katika jumba lile, ulinzi wake ulienea hadi pale alipoweza kurusha gongo lake la kufulia.

Mambo haya huwachekesha wanafunzi, nami huwaacha wacheke, kisha huwatoa uwanjani. Chagueni msichana mmoja awe mfuaji. Ashike kijiti kifupi, arushe kwa nguvu zake zote. Pimeni kwa hatua kutoka miguuni pake hadi kijiti kilipoanguka; chora duara. Ndani ya duara hilo mkimbizi ni salama, hata akija askari mwenye upanga. Rusheni kwa zamu. Mtaona kwamba duara la mwingine ni pana na la mwingine ni finyu, lakini hapana asiye na duara. Kisha mwulizane: mimi katika shule hii, mwenzangu akinikimbilia kwa kuonewa, ulinzi wangu unafika wapi?

Hadithi ijulikanayo zaidi juu ya noddfa ni ile ya Melangell. Hii ni hadithi ya kale, si historia iliyothibitishwa, na wazee wa Wales huisimulia hivi. Melangell alikuwa binti wa mfalme katika Ireland. Baba yake alitaka kumwoza kwa mtu asiyempenda. Naye akakimbia, akavuka bahari, akajificha katika bonde lililo kati ya milima ya Berwyn, akakaa humo miaka mingi asionekane na mtu. Siku moja Brochwel, mtawala wa Powys, alikuwa akiwinda. Mbwa wake walimfukuza sungura mpaka ndani ya kichaka cha miiba. Brochwel alipokifikia kichaka alimwona mwanamwali amepiga magoti akisali, na sungura amejificha chini ya pindo la nguo zake, amewaelekeza mbwa uso wake bila hofu. Mtawala akawahimiza mbwa, lakini wakarudi nyuma wakilia. Mwindaji mmoja akataka kupiga pembe, nayo ikamnata midomoni. Ndipo Brochwel akamwuliza yule mwanamwali habari zake. Na aliposikia, akampa bonde lile liwe mahali pa kukimbilia kwa kila mwenye kuhitaji, asitolewe humo mtu wala mnyama kwa nguvu.

Bonde hilo lipo, laitwa Pennant Melangell, na ndani yake mna kanisa la mawe la karne ya 12. Katika ubao wa kale uliochongwa ndani ya kanisa wamo Brochwel, Melangell na sungura. Watu wa mahali hapo waliwaita sungura "wana-kondoo wa Melangell", na kwa muda mrefu hawakuthubutu kuwaua.

Sisi tuliozoea hadithi za Sungura mjanja, awashindaye Fisi na Simba kwa akili, twaweza kushangaa kumwona hapa hana hila yoyote ila kukimbilia chini ya nguo ya mtu. Tena angalieni kwamba aliyetoa ulinzi hakuwa mwenyeji. Alikuwa mkimbizi mwenyewe, mgeni wa kutoka ng'ambo, asiye na mume wala mali, katika nchi ambayo hakuzaliwa. Wanafunzi wakiigiza hadithi hii, mara nyingi wote hutaka kuwa mbwa, kwa sababu ya kubweka. Mwalimu awape zamu ya kuwa sungura.

Tuache hadithi, tusome mambo yaliyotukia. Mwezi wa Aprili mwaka 1937, katika vita vya Hispania, ndege ziliupiga kwa mabomu mji wa Guernica katika nchi ya Wabaski. Mwezi uliofuata meli iliyoitwa Habana, iliyojengwa kuchukua abiria mia kadhaa tu, ilitia nanga Southampton ikiwa na watoto karibu 4,000 waliokuja bila wazazi wao. Serikali ya Uingereza iliwaruhusu kuingia lakini haikukubali kuwalipia. Ilibidi watu wa kujitolea wadhamini shilingi kumi kwa kila mtoto kila juma. Watoto zaidi ya 200 walikwenda Wales. Nyakati zile Wales kusini palikuwa na dhiki kubwa. Wachimbaji wengi wa makaa ya mawe walikuwa hawana kazi. Na chama cha wachimbaji hao ndicho kilichotoa fedha kusaidia nyumba ya watoto hao, Cambria House, katika mji wa Caerleon. Watoto walicheza mpira wa miguu hata wakasifiwa pande zile, wakaandika na gazeti lao wenyewe. Si kila mahali mambo yalikwenda vizuri: katika kambi ya Brechfa ulitokea ugomvi kati ya wavulana na watu wa kijiji. Haishangazi. Mtoto aliyetoka katika mabomu, asiyejua kama mama yake yu hai, hawezi kuwa mpole kila siku.

Miaka miwili baadaye ilianza Vita Kuu ya Pili. Watoto wa Kiyahudi wapata 200 waliokimbia utawala wa Hitler waliwekwa katika ngome ya Gwrych, karibu na Abergele. Na watoto wengi wa miji ya Uingereza, Liverpool miongoni mwake, walipelekwa vijijini Wales ili wayaepuke mabomu.

Hapa pana ugumu ambao wanafunzi wa darasa la juu wanapaswa kuukabili. Watoto wale wa mijini walisema Kiingereza. Walipoingia katika shule ya kijiji, darasa zima liliweza kugeuka na kusema Kiingereza kwa ajili yao, kwa kuwa wenyeji walijua lugha mbili nao wageni walijua moja. Wazee waliopenda watoto hao wapate salama waliogopa pia kwamba lugha yao itakufa. Je, waliogopa bure? Mimi sisemi hivyo. Mtu mwenye nyumba ndogo akimkaribisha mgeni, ni haki yake kuuliza atalala wapi yeye mwenyewe. Katika Aberystwyth, Bwana Ifan ab Owen Edwards hakuwafukuza wageni, bali alifungua shule mpya ya msingi, Septemba 1939, iliyofundisha kwa Kiwelisi. Ilianza na watoto saba. Shule za namna hiyo sasa ni mamia. Na katika wilaya ya Gwynedd, tangu miaka ya 1980, pamekuwa na madarasa ambamo watoto waliohamia kutoka mbali hufundishwa Kiwelisi kwa majuma kadhaa, kwa michezo na nyimbo na mazungumzo, kisha huingia pamoja na wenzao. Lugha iliyokuwa ikifichwa kwa hofu ya ubao, sasa mgeni hupewa kama kiti.

Bwana huyo ndiye aliyekwisha kuanzisha mwaka 1922 chama cha watoto na vijana kiitwacho Urdd Gobaith Cymru. Mwaka huohuo watoto wa Wales walianza kupeleka salamu za amani kwa watoto wa dunia nzima, kwa simu ya upepo. Desturi hiyo ilitimiza miaka 100 mwaka 2022. Na mwaka 2021, watu waliokimbia Afghanistan walipohitaji mahali pa kukaa, Urdd ilifungua nyumba yake ya mjini Cardiff ikawapokea zaidi ya watu 100, wazazi na watoto. Mapema, mwaka 2019, Serikali ya Wales ilikuwa imetangaza mpango wa kuifanya nchi hiyo kuwa Taifa la Noddfa. Na shule nyingi zimejiandikisha katika jamii ya shule za kuwapokea wakimbizi, ambamo walimu na wanafunzi pamoja huweka ahadi na kukaguliwa kama wameitimiza.

Tusidhani kuwa mapokezi yalikuwa mema siku zote. Bandari ya Cardiff, ilipokuwa ikipakia makaa ya mawe, ilileta mabaharia wa kila taifa. Wasomali na Wayemeni walianza kukaa katika mtaa wa Butetown tangu karne ya 19. Mwaka 1919 makundi ya watu yaliwashambulia wakazi weusi na Waarabu wa mtaa ule, na watu wakafa. Katika mtaa huohuo alizaliwa mwaka 1934 Betty Campbell. Alipokuwa msichana mwenye akili shuleni alimwambia mwalimu kwamba angependa kuwa mwalimu. Akajibiwa kuwa kwa mtoto kama yeye vikwazo vingekuwa vikubwa mno. Alilia. Kisha akasoma, akaolewa, akazaa, akaingia chuo cha ualimu, na hatimaye akawa mkuu wa shule wa kwanza mweusi katika Wales, katika shule ya msingi ya Mount Stuart, palepale Butetown. Aliwafundisha watoto historia ya utumwa, na habari za watu weusi waliofanya mambo makubwa, na sifa za mtaa wao wenyewe. Alifariki mwaka 2017. Mwaka 2021 sanamu yake ilisimamishwa katikati ya mji wa Cardiff.

Limebaki jambo la furaha. Kila tarehe 1 Machi, siku ya Mtakatifu David, watoto wa shule huja na ua la manjano kifuani, au jani la liki, ambayo ni mboga ya jamii ya kitunguu. Bendera ya joka jekundu hupandishwa, na shule nyingi hufanya eisteddfod, yaani mashindano ya kuimba, kughani na kutunga. Desturi hii ni ya zamani: mwaka 1176 Bwana Rhys aliwakusanya washairi na wapiga vinanda katika ngome ya Cardigan, akawatuza washindi viti. Hata leo tuzo ya mshairi ni kiti. Ushairi wao wa kale una kanuni kali za kulinganisha sauti ndani ya mstari, na mtu aliyezoea vina na mizani angeona amefika kwa ndugu. Katika sherehe kubwa, kabla mshindi hajakaa kitini, upanga huchomolewa nusu, na watu wote huulizwa mara tatu kama pana amani. Wote wakisha kuitikia "amani", upanga hurudishwa alani.

KAZI YA WANAFUNZI

1. Tafuteni kwa wazee neno moja la lugha ya kwenu lililo karibu na cynefin, na moja lililo karibu na noddfa. Elezeni kila neno lilitumiwa na nani kwanza: wachungaji, wavuvi, wakulima, au wengine.

2. Unaambiwa utaondoka nyumbani kabla ya jua kuchwa, nawe huna ila mfuko mmoja wa shule. Andika vitu vitano utakavyochukua. Kisha andika vitu vitano usivyoweza kuvitia mfukoni.

3. Jadilianeni: "Mgeni na ajifunze lugha ya wenyeji." Upande mmoja unene kama wazazi wa kijiji cha Wales mwaka 1939, na upande wa pili kama mtoto aliyetoka Liverpool.

4. Kwa nini sheria za Hywel zilimpa hata mfuaji wa nguo ulinzi wake? Jibu kwa mistari isiyopungua kumi.

5. Mwakani ataingia darasani mwenu mtoto asiyejua Kiswahili. Mchoreeni ramani ya shule yenu. Msisahau kumwonyesha maji yako wapi.